Tohara na Hoja za Madaktari
(Hotuba iliyosomwa Viwanja Sitini, Ifakara)



Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume, baada ya utafiti wa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kuonyesha kwamba humpunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Tangu hapo baadhi yetu hutembea vifua mbele, kana kwamba maabara ndiyo iliyoithibitisha dini. Hatuafiki majivuno hayo. Nabii Ibrahim a.s. hakungoja takwimu. Tena asilimia 60 si mia: aliyetahiriwa akazini bado yumo hatarini, na mkewe pia.

Wako wanaotulaumu kwamba mtoto hakuulizwa. Hoja hii tusiicheke. Shirika hilo lenyewe, mwaka 2020, lilielekeza huduma hiyo kwa wenye miaka 15 na zaidi, kwa ajili ya usalama na ridhaa. Sisi twamtahiri mwana kama tunavyomchagulia jina. Lakini mwenye kumwamulia mwingine hudaiwa uangalifu zaidi. Je, ni uangalifu gani kuwapanga watoto mbele ya wembe mmoja, eti kwa kuwa ngariba ni rahisi? Hapa Ifakara hospitali ipo!

Naye anayesilimu akiwa mtu mzima asishurutishwe wala kudhihakiwa. Aelezwe, na akikubali, angoje wiki sita kabla ya kumrudia mkewe.

Mzazi aliyepungukiwa fedha za hospitali atuone baada ya swala, tutachanga.