Simu ya Zamani Isitutenge na Habari za Kweli

Mazungumzo na familia zilizohama na viongozi wao



Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, familia nyingi za Kivu zimetawanyika. Baba yuko huku, watoto wako ng'ambo ya mpaka, na simu ndiyo inayowaunganisha. Lakini wengi wetu tuna simu za zamani, na siku moja WhatsApp inakataa kufunguka. Hapo mtu anampa kijana asiyemjua simu yake na pesa, anawekewa programu isiyojulikana ilikotoka. Kesho ujumbe wake unasomwa na wengine, au jina lake linatumiwa kusambaza uchochezi.

Kabla ya kufika huko, jaribuni mambo manne.

Kwanza, tazama tarehe. Betri ikiisha kabisa, simu nyingine za zamani hurudi nyuma miaka mingi. Programu hutumia tarehe hiyo kuhakikisha usalama wa intaneti. Ikiwa na kosa, hukataa kuunganika. Ingia Paramètres, sahihisha tarehe na saa, kisha jaribu tena.

Pili, tazama nafasi. Video za makundi hujaza simu haraka. Futa video usizohitaji. Ila usiondoe WhatsApp yenyewe kabla ya kuhifadhi mazungumzo, kwani humo mna picha na sauti za jamaa ambazo huenda hutazipata tena.

Tatu, ujue umri wa simu yako. Katika Paramètres, fungua À propos du téléphone, usome namba ya Android. Ikiwa chini ya 5.0, WhatsApp halisi haifanyi kazi tena humo, na hakuna fundi wa kuirudisha. Tangu mwaka 2025, iPhone isiyofikia iOS 15.1 nayo imeachwa. Mtu akikuahidi WhatsApp ya pekee kwa simu hiyo, kataa, uhifadhi pesa yako.

Nne, chagua programu nyepesi. Facebook Lite, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2015 kwa ajili ya simu dhaifu na intaneti ndogo. Ichukue Play Store, si kwa mtu wa njiani. Na ile namba ya siri ya tarakimu 6 ambayo WhatsApp hukutumia, usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwenye shirika la misaada.

Ikiwa simu imeshindikana kabisa, bado hujakatika na watu wako. SMS na kupiga simu vinafanya kazi bila intaneti. Andika namba za jamaa kwenye karatasi leo, kabla simu haijazimika. Na kwa waliopoteana, Msalaba Mwekundu husaidia kutafutana bila malipo.

Sasa neno kwa viongozi. Tukitangaza mkutano au ugawaji wa chakula kwenye kundi la WhatsApp peke yake, nani anabaki nyuma? Ni mjane, ni mzee, ni familia iliyofika jana. Wanasikia wakati wengine wamekwisha kupokea. Hawatasema simu yao ni ya zamani. Watasema kabila fulani limependelewa. Hivyo ndivyo ugomvi unavyoanza kati ya majirani, na kati yetu na wenyeji waliotupokea.

Kwa hiyo kila tangazo lipite njia tatu: WhatsApp, SMS, na mdomo wa mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Muchague katika kila sehemu kijana mmoja mwaminifu, anayejulikana na wote, awasaidie wazee na simu zao mbele ya macho yao.

Aliyekosa habari hujazwa uvumi. Tusimwache mtu gizani kwa sababu ya umri wa simu yake.