Segera Iko Wapi? Matabaka, Vipimio na Mamlaka ya Kuficha



Shukrani zangu zimechapwa ukurasa wa kwanza wa kijitabu mlichopewa mlangoni. Kwa hiyo nitaanza na ugomvi.

Katika kikao kimoja cha wataalamu wa ramani, msomi mwenzetu ninayemheshimu alisema kwamba tabaka lipi lionekane katika kipimio kipi ni suala la kompyuta kutolemewa, basi. Programu ina mipangilio yake. Makazi yapangwe kwa idadi ya watu, madogo yafichwe mtu anapotazama nchi nzima, yajitokeze anaposogea karibu. Hakuna siasa hapo, alisema, wala falsafa. Wajumbe wakaafiki, wakaenda kula. Mimi bado niko kwenye ajenda ile. Mhadhara huu ni jibu langu kwake, na ninajua yumo ukumbini.

Wenzangu wa fani wanivumilie kwa aya moja. Ramani ya kidijitali hujengwa kwa matabaka: mito, barabara, majengo, mipaka, majina. Kila tabaka laweza kuwekewa vizingiti. Katika QGIS, programu ambayo Gary Sherman aliianzisha mwaka 2002 na ambayo wanafunzi wetu huitumia bila kulipa, unaandika kipimio cha chini na cha juu, tuseme 1:100,000 na 1:5,000. Ukitoka nje ya hapo, tabaka linatoweka. Kumbukeni kuwa 1:5,000 ndicho kipimio kikubwa na 1:100,000 ndicho kidogo, jambo ambalo mtihani wa mwaka wa kwanza hunithibitishia kila mara kuwa ni gumu. Mengine mnayajua.

Nikiri kwanza haki ya mwenzangu. Ukijaribu kufungua majengo yote ya Dar es Salaam kwa pamoja kwenye simu ya kawaida, simu itakwama na bando litaisha kabla ramani haijatokea. Majina nayo hupandana hadi lisisomeke hata moja. Lazima kupunguza. Lakini hoja ya kwamba lazima kupunguza haijasema lolote kuhusu kipi kipunguzwe, na hapo ndipo aliporuka hatua.

Hatua hiyo aliyoiruka ina maandiko. Mwaka 1966 jarida la The Cartographic Journal lilichapisha makala ya Friedrich Töpfer na Wolfgang Pillewizer kuhusu kanuni za uteuzi. Wanafunzi hunitania kwamba ninaibeba kama hirizi, nami siwakatalii. Kanuni yao yaandikika kwa mstari mmoja: chukua idadi ya vitu katika ramani ya awali, igawe kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa vipimio viwili, utapata idadi ya vitu vinavyostahili kubaki. Tuchukue karatasi ya Y742, ule mfululizo wetu wa 1:50,000 ambao Idara ya Upimaji na Ramani iliuandaa pamoja na wapimaji wa Uingereza. Tuseme ina vijiji 100. Ukihamia 1:200,000, namba ya kipimio imekua mara 4, kipeuo chake ni 2, basi vinabaki vijiji 50. Ukienda hadi 1:5,000,000, ambako Tanzania Bara nzima inaenea kwenye karatasi ya A3, uwiano ni 100, kipeuo ni 10, na katika vijiji vile 100 vinabaki 10.

Tazameni uzuri wake. Eneo la karatasi limepungua mara 10,000, ila vijiji vimepungua mara 10 tu. Wachoraji wazoefu, waliokuwa wakifuta na kubakiza kwa jicho na kalamu, walikuwa na mwendo unaoweza kuandikwa kwa hesabu. Waandishi hawakuishia kwenye umbo hilo jepesi. Waliongeza vigezo vya namna alama zinavyochorwa. Nimeisoma makala hiyo tangu nikiwa mwanafunzi, na kila mwaka naitoa upya kwenye semina. Ninachokipenda zaidi ni kile inachokataa kukisema. Inasema ngapi. Zipi, haisemi.

Vijiji 50 vimebaki na 50 vimefutwa. Nani kavichagua? Mwenzangu anadhani ni kompyuta. Kompyuta imetii tu agizo la mtu aliyeandika kwamba idadi ya wakazi ndiyo cheo.

Basi twende Segera. Kila aliyepanda basi la kaskazini anaijua. Barabara inayotoka Chalinze inagawanyika hapo: mkono mmoja unakwenda Tanga, mwingine Korogwe, Same, Moshi hadi Arusha. Kwa idadi ya watu Segera haifui dafu mbele ya kata nyingi za Temeke. Kwa msafiri, dereva wa lori, au ofisa anayepanga njia ya kupeleka chakula cha msaada, kata hizo zote zaweza kufichwa bila hasara, lakini ramani ya nchi isiyo na Segera inampoteza. Agizo la wakazi litabakiza kata za Temeke na kuifuta njia panda. Nenda Makuyuni, anakoachana anayekwenda Dodoma na anayekwenda Ngorongoro. Nenda Kaliua, reli inapojitenga kwenda Mpanda na Kigoma. Au nenda Simanjiro uulize wafugaji kuhusu lambo lao la kiangazi. Lambo halina mkazi hata mmoja. Kwa agizo lile, cheo chake ni sifuri.

Mwenzangu atasema hizo ni dosari ndogo, rekebisha orodha uendelee. Haya, na latitudo je? Ramani nyingi za mtandaoni hukatwa vigae vya pikseli 256 kwa 256, na vizingiti huwekwa kwa ngazi za ukuzaji badala ya kipimio halisi. Ngazi ya 0 ni dunia nzima katika kigae kimoja, na kila ngazi huongeza ukubwa maradufu. Lakini makadirio ya Mercator yanayotumika huvuta ardhi kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye ngazi ya 12, kigae kimoja cha Dar es Salaam kinabeba takribani kilomita 9.7 kwa kila upande. Cha Oslo, ngazi hiyohiyo, kinabeba kilomita 4.9. Kwa eneo, ni kilomita za mraba 94 kwa 24. Mchoraji akiamuru majina ya vijiji yaanze ngazi ya 12, kijiji cha Norway kinapata nafasi ya skrini mara nne ya kijiji cha Kisarawe. Programu ikikuta majina yamebanana inatupa baadhi, na yanayobanana zaidi ni ya kwetu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Alijaribu mipangilio yake pale alipokuwa amekaa, akaona imependeza. Hiyo ndiyo mipangilio isiyo na siasa tunayoambiwa tuipokee.

Nikiwa nimefika hapo, niseme lililonifanya nishupae. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, na wanafunzi wa vyuo waliingia katika kata zinazofurika kupima mifereji, njia na nyumba, pamoja na wenyeji. Kazi ile iliwavutia wengi, na ofisi moja ya umma mbali na jiji ikataka ya kwake. Nilialikwa siku ya kuiwasilisha. Mtaalamu mshauri alikuwa ameweka tabaka la mifereji lijifiche kipimio kinapokuwa kidogo kuliko 1:10,000. Mwenyekiti akaomba aone eneo lote kwa pamoja. Ramani ikarudi nyuma, mifereji ikatoweka. Mwenyekiti akatazama ukuta, akasema, "Kumbe huku hatuna mifereji kabisa." Katibu akaandika.

Ndani ya QGIS mtaalamu angeliona jambo hilo: jina la tabaka lililojificha hugeuka kijivu pembeni. Lakini aliyekuja kuamua haoni pembeni. Anaona picha, na picha haimwambii kama kitu hakipo au kimefichwa. Karatasi ya zamani ilikuwa na kipimio kimoja. Aliyekiacha kitu alikiacha mara moja, na pembezoni kuliandikwa nani kaichapa na lini. Leo ramani moja ina vipimio visivyohesabika, inafuta na kurudisha kila kidole kinapogusa kioo, na haitaji wa kumuuliza.

Nimepima pingamizi zote nilizozisikia. Ninakubali kwamba kwa kupanga zahanati na madarasa idadi ya watu ni kigezo kizuri, na Sensa ya mwaka 2022 imetupa takwimu za kukitumia. Ninakubali pia kwamba ukiwauliza wenyeji, kila mmoja atataka kijiji chake kionekane toka mwezini. Kwa hilo Töpfer atatusaidia kusema hapana kwa idadi. Wapo wanaosema jedwali la vizingiti halitasomwa na mtu. Huenda. Mizania ya hesabu nayo husomwa na wachache, na hakuna anayependekeza ifutwe.

Baada ya kupima yote hayo, ninabaki pale nilipokuwa kabla ya kikao kile. Ramani ya kidijitali inayowekwa mbele ya watoa uamuzi iandike kwenye ufunguo wake, palepale kwenye skrini, matabaka yaliyofichwa katika kipimio kinachotazamwa, kigezo kilichotumika kuchagua, na ofisi iliyokichagua. Kazi hiyo haihitaji programu mpya wala mfadhili. Inahitaji mtu aandike mistari michache.

Wizara na halmashauri nitaziandikia barua. Kwa wanafunzi sina haja ya barua: kuanzia muhula ujao, ramani isiyo na jedwali la vizingiti haitasahihishwa katika kozi zangu.