Taa za Mbele Zinazoungua Kila Mara

Msikilizaji, hasa wewe dereva wa Noah wa Kyela, Ipinda hadi Matema: globu ya taa ya mbele uliibadilisha juzi, leo imeungua tena. Usikimbilie dukani. Mwambie fundi umeme apime chaji kwenye betri injini ikiwa inaunguruma. Volti 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikivuka 15, regyuleta ya altaneta imekufa, na globu utanunua mpaka uchoke.

Chaji ikiwa nzuri, kagua taa yenyewe. Mvua zetu za Aprili hupenya kwenye mpira wa taa uliochanika na kuua globu. Taa iliyolegea nayo hukata waya wa globu barabara ikiwa mbovu.

Globu ya halojeni ishike kwenye kitako. Ukigusa kioo chake, kifute kwa spiriti kabla ya kuwasha.