MIZANI MOJA KWA BINTI NA MVULANA
Mada iliyotolewa kwa wazazi na vijana, Kariakoo, Dar es Salaam



Mtaa huu tunamokutania una jina la kijeshi. Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, hapa palikuwa kambi ya wapagazi wa vita, kikosi kilichoitwa Carrier Corps; wenyeji wakatamka Kariakoo. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Upande wa Wajerumani, wake wa askari waliandamana na jeshi porini, wakibeba mizigo, wakipika na kulea watoto. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 hapo Barabara ya Samora, ni ya mwanamume mwenye bunduki. Akina mama wale hawakuwa na cheo.

Basi mwanamke si mgeni jeshini. Uzito aliubeba, alichonyimwa ni heshima yake.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 28, yampa kila raia wajibu wa kulilinda taifa. Haisemi kila mwanamume. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, huwaita wahitimu wa kidato cha sita, wa kike na wa kiume. Na tangu tarehe 19 Machi 2021, Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan. Hata hivyo, mzazi humwambia bintiye: "Jeshi si lako, mwanangu."

Wako wanaodhani kwamba usawa ni kumpunguzia binti mzigo kwa kumhurumia. Sivyo. Kipimo na kitokane na kazi yenyewe. Ikiwa kazi yadai kumbeba majeruhi mabegani, asiyeweza, awe mvulana au binti, apangiwe nyingine. Naye aweza­ye asirudishwe kwa sababu ya jinsia yake. Na kazi ya redio au ya uganga isipimwe kwa upana wa mabega.

Ninyi wafanyabiashara wa sokoni mwaijua dhambi ya kuwa na mizani mbili. Basi mizani hiyo moja impime na mkubwa. Kiongozi atumiaye cheo kumtaka kurutu kimwili ameshindwa mtihani wa uaskari, hata kama ana shabaha kali. Tukimlaumu binti na kumwacha yeye, tumekuwa washiriki wake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 29, wafundisha kwamba ubaguzi kwa sababu ya jinsia ni kinyume cha mpango wa Mungu. Mafundisho hayo hayaishii kwenye lango la kambi.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:
1. Binti yetu akitaka kujiunga na jeshi, twampa sababu zilezile tunazompa kaka yake?
2. Akirudi na malalamiko, tutamsikiliza kwanza, au tutamwuliza alivaa nini?