Kenya: Nani Mwenye Haki ya Kuzika?



Askari ni mtu wa kuhamishwa. Huzaliwa wilaya moja, akatumikia katika nyingine, akaoa katika ya tatu, na pengine akajenga nyumba katika ya nne. Siku akifariki, swali la kwanza baada ya kilio ni maiti ipelekwe wapi, na nani mwenye kauli ya mwisho. Katika nchi jirani ya Kenya swali hilo lilifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1987, na jibu lililotolewa yafaa lijulikane na kila mwenye kuvaa sare.

Yafaa tuanze na karatasi, kwa kuwa upande huo sheria ya Kenya haina utata. Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo yataka kila kifo kiarifiwe kwa msajili, na maziko yawe na kibali. Kifo kikitokea kijijini, habari hupelekwa kwa chifu msaidizi. Kikitokana na ajali, na kujiua, na mkono wa mtu mwingine, au kikiwa na mashaka yoyote, mkuu wa kituo cha polisi hupaswa kumwarifu hakimu, na daktari huichunguza maiti. Basi. Lakini kibali cha maziko hakimalizi ugomvi wa nani azike. Hapo ndipo sheria iliyoandikwa inaponyamaza na watu wanapoanza kushikana mashati.

Tarehe 20 Desemba, 1986, alifariki wakili mmoja wa Nairobi, Silvanus Melea Otieno, Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui, alikuwa Mkikuyu, nao walifunga ndoa ya kiserikali mwaka 1963. Mjane alitaka kumzika mumewe katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo ukasema la, Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, katika Siaya.

Mahakama Kuu ilisikiliza mashahidi wengi, tangu mchimba makaburi hadi mwanafalsafa, Profesa Odera Oruka, aliyeulizwa habari za mila za Wajaluo. Tarehe 13 Februari, 1987, Jaji Bosire aliupa ukoo ushindi. Mjane alikata rufani, nayo ikatupwa tarehe 15 Mei. Majaji walisema kwamba maiti si mali ya mtu, na kwamba matakwa ya marehemu huweza kusikilizwa lakini hayaifungi mahakama. Tena walisema kuwa Mwafrika havui mila za kabila lake kwa sababu ya elimu, wala ndoa ya kiserikali, wala maisha ya mjini. Sheria ya Kenya huruhusu mahakama kuongozwa na mila, mradi isiwe kinyume cha haki na maadili, au cha sheria iliyoandikwa. Majaji hawakuona kwamba mila hiyo ilikuwa na kasoro hiyo.

Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, 1987, siku 154 baada ya kufa kwake. Muda wote huo maiti ilikuwa katika chumba cha kuhifadhia maiti cha Nairobi. Mjane hakuhudhuria maziko.

Hatusemi kwamba ukoo ulitenda kwa ubaya. Kwa Mjaluo, kumlaza mtu penye makaburi ya baba zake si jambo dogo. Hata hivyo, kwa maoni yetu, mwanamke aliyeishi na mume miaka 23 akamzalia watoto, kisha akaambiwa kuwa katika maziko yake hana sauti, amebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi. Nadhani wako majaji walioliona hilo. Mwaka 2004, katika shauri jingine la maziko, Jaji Ojwang wa Mahakama Kuu alisema mwenye wajibu wa kwanza wa kuzika ni yule aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na kwa kawaida ukaribu huo hupatikana katika ndoa.

Jambo la ajabu katika shauri la Otieno ni kwamba marehemu, wakili mwenye kuwaandikia wengine hati, hakuacha neno lililoandikwa kuhusu kaburi lake. Kila upande ulikuja na maneno uliyosema aliyatamka akiwa hai. Karatasi yenye sahihi yake huenda isingewafunga majaji wale, lakini ingekuwa ushahidi usiogombania kumbukumbu. Askari asidhani kwamba jina aliloliandika kikosini kama ndugu wa karibu limemaliza kazi hiyo. Jina hilo husaidia kujua nani apelekewe habari. Mahali pa kaburi ni habari nyingine, nayo yafaa mke aijue, na kaka zake waisikie kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa upande wa polisi anayesimama mlangoni mwa chumba cha maiti, pande mbili zikija na magari mawili na majeneza mawili, kazi yake si kupima nani analia zaidi. Hutazama kibali, huuliza kama ipo amri ya mahakama, na amri ikiwapo ya kuzuia, maiti hubaki ilipo, hata kama anayeitaka ni mkubwa wake wa kazi.