Bibi Mgaya wa Butiama

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za bibi mmoja wa nchi yetu ya Mara, jina lake Mgaya wa Nyang'ombe, aliyezaliwa mwaka 1892. Wengi wamjua kwa kuwa ndiye aliyemzaa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanganyika. Lakini leo hatutamtazama kama mama wa Rais tu. Twataka kumtazama kama bibi mwenye nyumba yake, mfano wa mabibi waliotulea sisi sote, kisha tuulize: Habari za watu kama hawa huwekwa na nani?

Mwaka 1907 Mgaya aliondoka kwao akaolewa na Nyerere Burito wa Butiama. Alikuwa na umri wa miaka 15 tu. Mume huyu alifanywa mtemi wa Wazanaki mwaka 1915, wakati wa utawala wa Wadachi. Alioa wake 22, na Mgaya alikuwa wa tano. Basi fikirini, ninyi wasichana mnaotusikiliza. Msichana aolewaye huhama kweli kweli, hata kama kwao si mbali. Huacha kisima alichokizoea akajifunza njia ya kisima kingine. Hupata mama mkwe, na shamba jipya, na desturi za mji usio wake. Na hapo alipofika mgeni ndipo atakapoitwa bibi, mwenyeji kuliko wote.

Nyumba za wake zilikuwa zimelizunguka zizi la ng'ombe, na katikati yake ilisimama nyumba ya msonge ya mtemi mwenyewe. Watu walilima mtama, mahindi na muhogo, na watoto wa kiume walichunga mifugo. Mgaya alizaa watoto wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike. Wawili kati yao walikufa wangali wachanga. Vitabuni habari hiyo haipati hata mstari mzima. Lakini kila mama aliyewahi kuzika mtoto ajua uzito wake.

Watu wa zamani hawakuwa na daftari, lakini walikuwa na majina, na jina lilikuwa kama kitabu kidogo. Yasemwa kwamba baba wa Mwalimu aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa mwaka wa viwavi, walipoijaa nchi. Mtoto wa Mgaya aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922 aliitwa kwanza Mugendi, maana yake mwenda kwa miguu. Baadaye, kwa shauri la mganga, jina likageuzwa akaitwa Kambarage, ambalo ni jina la pepo wa mvua. Hivyo viwavi na mvua vyakumbukwa hata leo, ingawa hapakuwa na mtu wa kuviandika siku ile.

Lakini jina la Mugendi halikuwa la bure. Mwaka 1934 mtoto yule aliondoka nyumbani akaenda kusoma shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora. Mwaka 1942 baba yake alifariki, na mwaka uliofuata yeye akaenda Makerere, katika nchi ya Uganda. Mwaka 1949 alivuka bahari kwenda Edinburgh, asirudi mpaka mwaka 1952. Kila safari sisi twaisoma kama hatua ya mtoto kupanda juu. Lakini tukisimama mlangoni pa Mgaya, twaona jambo jingine: mama mjane akingoja barua ambazo hana budi kusomewa na mtu mwingine. Yeye aliyehama mara moja kwa ndoa alikuwa sasa ndiye akaaye, ili wengine wapate mahali pa kurudi. Nao walirudi. Mpaka leo makaburi ya jamaa hiyo yako pale Mwitongo, Butiama.

Sasa na tumlinganishe na mwanamke mwingine aliyehama kutoka mbali zaidi. Karen Blixen alizaliwa Denmark mwaka 1885. Mwezi Januari mwaka 1914 aliwasili Mombasa akaolewa huko, kisha akakaa katika shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Mahali pale palikuwa juu mno, kahawa haikustawi. Na mwaka 1931, shamba likiisha kuuzwa, alirudi kwao. Hakuacha mtoto wala mjukuu. Lakini mwaka 1937 alitoa kitabu cha maisha yake ya Afrika, kikasomwa duniani kote, na nyumba yake imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986. Alikaa miaka 17 tu, nasi twajua hata majina ya watumishi na mbwa wake.

Je, mwanamke huyo alifanya kazi kubwa kuliko Mgaya? Hatusemi hivyo. Tofauti ni kwamba mmoja aliandika, na mwingine hakuandika. Tena Mgaya ana bahati, kwa kuwa mwanawe alikuwa mtu mashuhuri, na wenye kalamu wakaja kuuliza habari za mama. Walakini walikuwako wake wengine 21 katika mji ule ule. Nao walilima, wakasaga, wakazaa, wakazika, wakalea wajukuu. Ni nani kati yetu awezaye kuwataja hata watano? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama mali hupotea, mtu je?

Basi, ninyi wanafunzi, twawapa kazi isiyohitaji fedha. Chukueni daftari mwende kwa bibi zenu wangali hai. Msimwulize bibi mambo makubwa ya serikali. Mwulizeni alizaliwa mwaka wa njaa gani au wa mvua gani. Ni nani aliyempa jina lake, na kwa nini. Alipika nini siku ya kwanza katika nyumba ya mumewe. Ni watoto wangapi aliowazaa, na majina yao, hata wale waliokufa. Andikeni kama anavyosema yeye, kwa maneno yake. Nanyi wazee msiojua kuandika, msione haya kumwita mtoto wa shule akae chini asikilize.

Msingoje matanga, kwa maana siku hiyo kila mtu husifu, lakini anayejua habari ndiye amekwisha kwenda. Anzeni jioni hii, kazi za jikoni zikiisha, na swali la kwanza liwe hili: Bibi, kabla hujafika mji huu, ulitoka wapi?

Kwa herini.