Mpelelezi Aliyejiandikia Uongo



Mwaka 2000 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Memento, iliyoongozwa na Christopher Nolan. Leonard anamsaka mwuaji wa mkewe. Kwa kuwa aliumizwa kichwa, jambo jipya halimkai akilini. Hivyo hupiga picha, huandika vikaratasi, hata hujichora mwilini kwa sindano na wino. Nasi tunamwamini, maana hatuna macho mengine ya kutazamia ila yake. Mwishoni anaambiwa na mwenzake Teddy kwamba mwuaji alikwisha kufa zamani, kwa mkono wake yeye Leonard. Habari hiyo haimpendezi. Anachoma picha za ushahidi, kisha anaandika namba ya gari la Teddy kuwa ndiyo ya adui, akijua fika kwamba atasahau na atakuja kumwua.

Filamu hiyo ni ya mbali, lakini hapa Kabuku, kati ya barabara kuu na mashamba ya mkonge, wapelelezi wa namna hiyo tunao. Mtu amefiwa na mtoto. Anakwenda kwa mpiga ramli, na jina amekwisha kulibeba moyoni: bibi kizee jirani, waliyegombania mpaka wa shamba. Anaulizwa maswali mawili matatu, kisha anarudishiwa jina lile lile alilokwenda nalo. Kesho yake anaapa kwamba ramli ndiyo iliyosema. Zile siku tatu za homa, mtoto akiwa bado nyumbani, hazisimuliwi tena. Picha zimechomwa. Na nchini mwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa ushahidi wa namna hiyo.

Mfalme Daudi naye alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwuisha mumewe. Nabii Nathani hakumwendea na kesi ya Uria, pengine asingesikilizwa. Alimpelekea kesi ya tajiri aliyempokonya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akahukumu kifo, wala hakuuliza jina la mshitakiwa. Ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Hakukana.

Ninyi makatekista ndio mnaofika kwanza msibani. Keteni na wafiwa kwa upole. Kabla jina la jirani halijatajwa, ulizeni homa ilianza siku gani, na zahanati walifika lini.